Baba Anauliza Sehemu ya Pili

12 Januari

Kaka yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Huku hatujambo. Shemeji yako bado anaendesha lori la mkate na bado anarudi nyumbani na unga masikioni. Mimi nashona mapazia ya hoteli moja ambayo mwenyewe hajui anataka rangi gani, kila wiki ana wazo jipya na kila wiki nafumua. Natumaini wifi na watoto ni wazima. Baba hajambo, anakusalimu.

Nakuandikia kwa kalamu kama tulivyokubaliana, maana simu yetu mimi na wewe haifiki dakika ya tatu kabla mmoja hajamkatia mwenzake.

Kidude cha muziki ulichotutumia kimefika. Nilipofungua boksi nilidhani umenitumia sabuni. Hivi kweli santuri zote za Baba, mia nne na kumi na mbili, zimo humu ndani? Nimezipitia kwenye kioo chake: mtunzi, jina la kazi, mwongozaji, okestra, mwaka. Umefanya kazi, sikatai. Ukutani kwa Baba rafu bado ni tupu tangu uzichukue, nimeweka taulo kwa muda.

Tulimwekea simfonia moja alasiri ya Jumatatu. Akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha ghafla akafumbua na kunitazama kwa ukali. "Anaruka," alisema. Nikamwambia Baba, hakuna anayeruka, mashine inakwenda yenyewe. Akaninyooshea kidole, akaonyesha mikono yangu. Kaka, Baba anadhani mimi nabonyeza kitufe ili muziki uishe haraka nirudi kwenye mapazia yangu! Sasa kidude anakificha chini ya mto na mimi siruhusiwi kukigusa.

Kuna kitu chochote ninachopaswa kujua? Na santuri zenyewe zinarudi lini?

Mdogo wako

3 Februari

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu,

Nimepokea barua yako. Samahani kwa kuchelewa. Baridi ikizidi lifti za mji huu hugoma zote kwa pamoja, na mimi nashinda nimeinama ndani ya mashimo yake na tochi mdomoni. Wifi yako anasalimu. Mwanetu mkubwa amefaulu mtihani, mdogo ameng'oka jino.

Nimefurahi kwamba mpangilio umekupendeza. Watu hawajui ile ni kazi gani. Mashine hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nyimbo za dakika tatu, mtu mmoja anaimba, basi. Inakuuliza: msanii ni nani? Haya, msanii wa simfonia ni nani? Aliyetunga? Aliyesimama mbele na kijiti? Au wale watu themanini waliotoka jasho? Nilikaa Jumapili za miaka miwili nikisafirisha sauti ya santuri moja baada ya nyingine kwa waya hadi kwenye kompyuta, kila moja kwa urefu wake mzima, kisha nikaandika majina kwa kufuata kadi za Baba nilizokopi kabla sijasafirisha maboksi. Waongozaji wawili wana jina moja. Mtunzi mmoja kaandikwa kwa namna nne. Nusura nipate wazimu.

Kuhusu kuruka, mashine ina mambo yake. Baba kazoea kugeuza santuri upande wa pili. Sasa hakuna kugeuza, ndiyo maana anahisi kitu kimepita. Mwekee zile za kishindo. Mzee mpiga timpani anataka kusikia ngoma zake kubwa.

Santuri zipo mahali salama, usizihofie.

Lakini nikuulize: kwa nini Baba haandiki mwenyewe? Mtu mwenye mwandiko ule, aliyekuwa akinirudishia barua zangu na makosa yamepigiwa mstari, leo anakutumia wewe umsemee? Mwambie nasubiri mistari yake miwili.

Kaka yako

20 Februari

Kaka,

Salamu. Sisi wazima. Hoteli imechagua kijani.

Baba ana sababu zake za kutoandika.

Sasa tuje kwenye yetu. Nilingoja Baba asinzie mchana, nikachomoa kidude chini ya mto kama mwizi nyumbani kwangu mwenyewe, nikakaa nacho jikoni pamoja na sanduku la kadi. Unazikumbuka kadi. Kila santuri ina kadi yake, na nyuma Baba ameandika sehemu za kila kazi, moja hadi nne, na dakika zake. Nimelinganisha kazi arobaini. Thelathini na moja zimepungua sehemu moja. Wakati wote ni ile ya polepole, ambayo mara nyingi ni ya pili. Hakuna hata moja iliyopoteza sehemu ya kishindo.

Hilo ningeweza kulimeza. Kamba hukatika, mashine huharibika. Lakini niambie, Kaka, wewe fundi: simfonia ya sehemu nne, ya pili haipo, basi kioo kingeonyesha moja, tatu, nne. Chako kinaonyesha moja, mbili, tatu. Zimepangwa vizuri kabisa, pengo halionekani. Mashine inajua kuona haya? Kuna mkono wa mtu ulipita pale ukasawazisha namba, na mkono wenye subira hiyo ukiacha wa Baba ni mmoja tu.

Baba anauliza sehemu ya pili. Kila siku. Ameacha kunitazama ninapomletea chai.

Na "mahali salama" ndiyo wapi? Kaburi nalo ni mahali salama.

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Wifi yako alikuwa na homa, sasa nafuu. Mimi Jumamosi zangu zimebanwa sana siku hizi, ndiyo maana umeona kimya.

Barua yako niliisoma mara mbili kwenye ngazi za jengo moja, nikiwa nimekalia boksi la vifaa. Umenihesabia makosa kama karani wa mahakama. Sawa. Nami nina maswali.

Nani alitaka santuri zitoke hapo nyumbani? Si mimi. Wewe ndiye uliyesema chumba kina unyevu, maboksi yamejaa, Baba atajikwaa. Nikaja na gari, nikazibeba, mgongo ukanisumbua mwezi mzima. Leo rafu ina taulo. Kesho itakuwa na nini? Chumba cha Baba kina mlango wake wa nje na dirisha la barabarani. Kingefaa sana kuwa duka la mapazia. Sisemi kwamba ndivyo. Nasema tu kwamba nami nina macho.

Na unasema Baba anauliza, Baba amekasirika, Baba haelewi. Yote nayasikia kwa kinywa chako. Nilipoomba mistari miwili ya mkono wake ukasema ana sababu zake. Sababu gani hiyo isiyoandikika? Au Baba hajui kwamba tunaandikiana?

Nikiona mwandiko wake, nitajibu kila kitu. Kabla ya hapo usinibane.

Kaka yako

11 Aprili

Kaka,

Sina salamu ndefu leo.

Yule mzee aliyekuwa akipiga fluti na Baba, mwenye masikio makubwa, alikuwa mjini kwenu kumtembelea binti yake. Amerudi juzi na akapita hapa. Anasema aliingia katika maktaba ya chuo cha muziki, akaazima santuri, na kwenye kona ya jalada akakuta duara jekundu na ndani yake namba 288, kwa mwandiko wa Baba. Akadhani Baba amekufa na hakuambiwa. Alikuja hapa kutoa pole, Kaka! Amevaa koti jeusi. Nilimkuta mlangoni ananishika mikono huku Baba yupo kitini nyuma yangu anamtazama.

Umeziuza. Santuri alizokuwa akinunua kwa kuacha kununua viatu, umeziuza ukiwa na baba hai, kisha ukamtumia sabuni iliyotobolewa katikati.

Mapazia ya duka langu yatakuwa ya rangi gani, unipangie wewe.

Mdogo wako

16 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo asubuhi, najibu leo hii, sijaenda hata kazini.

Sikuziuza. Naapa kwa mama yetu. Nilizitoa bure, na kwa nini nilizitoa nitakwambia bila kona. Maboksi yalijaza ukumbi wa nyumba yetu mpaka tulipita ubavu ubavu kwa miaka miwili. Nilipomaliza kusafirisha, nikasema kazi imekwisha, sauti zote zimo humu, majalada ya nini? Chuo wakaja na kijana wao na toroli, wakafurahi, wakanipa karatasi ya shukrani. Nilikusudia kukwambia. Nikangoja siku nzuri, na siku nzuri haikuja.

Sasa lile baya zaidi. Santuri za zamani zina mchakacho, unajua, ule mkwaruzo wa vumbi kati ya kipande na kipande. Mimi kelele za namna ile siziwezi. Nikisikia lifti inakwaruza silali. Programu niliyotumia ina kipimo: unaiambia, sauti iliyo chini ya hapa si muziki, ifute. Nikakiweka juu, ili nisafishe. Ikasafisha. Kila sehemu iliyoanza kwa sauti ya chini sana na kuendelea hivyo, mashine iliiona kuwa ni kimya, ikaifuta nzima. Niligundua Novemba, wakati santuri zimeshaondoka. Zaidi ya mia mbili na hamsini.

Nilijua kabla sijakutumia. Ndiyo, ni mimi niliyesawazisha namba. Nilikaa pale mezani nikajiambia: Baba alikuwa mpiga timpani. Katika sehemu hizo za polepole hapigi kitu, anakaa tu na vijiti vyake anahesabu. Kama ni kupotea, bora zipotee zile ambazo yeye hayumo. Hatagundua. Nilimfikiria baba yangu hivyo, aibu ninayo hadi leo.

Zile Jumamosi nilizosema zimebanwa, naenda chuoni. Wanaazimisha santuri tano kwa mtu mmoja, kwa wiki mbili. Naazima santuri za baba yangu mwenyewe, naweka sahihi, nazirekodi upya, nazirejesha. Mkutubi ameanza kuniangalia vibaya. Juzi aliniuliza mbona sichukui kingine ila vyenye duara jekundu. Nilimwambia napenda rangi. Mpaka sasa nimeokoa ishirini na tano. Piga hesabu mwenyewe itanichukua muda gani kumaliza.

Nimesema yote. Zamu yako. Kwa nini Baba haandiki?

Kaka yako

6 Mei

Kaka,

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Mara tatu nilianza kujibu na mara tatu nikachana. Hasira ilikuwepo, lakini si hasira iliyonizuia. Nilikuwa natafuta njia ya kukwambia langu bila kuonekana mbaya, na njia haipo.

Baba haandiki kwa sababu mkono wa kulia haufanyi kazi. Alipata kiharusi tarehe tisa Desemba, akiwa anakunja magazeti. Maneno yake yamebaki machache, siku nzuri hufika kumi. Nilipokuandikia kwamba hajambo, na anakusalimu, nilikudanganya. Shemeji yako aliniambia nikupigie siku ile ile. Nikakataa.

Nilijua ungefanya nini. Ungekuja na gari na mipango yako, ukanieleza kwa upole kwamba nyumba za wazee siku hizi ni nzuri, kuna muuguzi, kuna lifti. Nami ningeshindwa kukujibu, maana nilikuwa nimechoka na ungekuwa na haki nusu. Nikaona nikifunga mdomo, Baba atabaki. Ulipoanza kuulizia mwandiko wake nilidhani umeshapata harufu na unanitega. Hayo ya duka la mapazia yaliniuma, lakini yalinipa nafuu pia, kwa sababu yalionyesha hujui. Daktari anasema kiharusi cha pili hakitabiriki, kinaweza kuja wiki hii au mwaka ujao.

Sasa sikiliza hili. Nilimsomea Baba barua yako. Yote, hata pale uliposema hatagundua. Kisha akaanza kunieleza, na ilituchukua siku mbili, neno moja asubuhi, jingine baada ya chakula. "Mama." Nikasema ndiyo, Baba, Mama. "Kushoto." Sikuelewa. Akanyanyua mkono wake mzima, akageuza kichwa changu upande wa kushoto kama mtu anayegeuza taa.

Kaka, nimeunganisha vipande: Baba alisimama nyuma kabisa ya okestra. Kwenye kishindo macho yake yalikuwa kwa mwongozaji, hathubutu kuyatoa, akikosea yeye watu wote wanasikia. Mama alikaa kushoto kwake na viola yake, ile fidla kubwa, mstari wa pili. Muda pekee ambao Baba aliweza kumtazama ni sehemu ya polepole. Aliweka vijiti chini, akawa hana kazi. Dakika kumi, kumi na mbili, kila tamasha, miaka ishirini na sita. Mle ndimo walimopatana, kabla hawajasemezana neno. Tangu Mama afariki, zile santuri zote alikuwa anasikiliza sehemu ambazo yeye mwenyewe hayumo. Ulichofuta ni Mama.

Sikuandikii hivi ili uumie, ila sijui namna nyingine ya kukuandikia.

Kadi aliyoichagua ni namba 63. Ni santuri ya okestra yao wenyewe. Mama yumo anapiga, Baba yumo amekaa kimya. Kama kuna moja tu utakayowahi, iwe hiyo. Na mchakacho usiuguse.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Nimeipata 63. Ilikuwa rafu ya chini kabisa, hakuna aliyewahi kuiazima. Mkutubi aliponiona nimesimama na jalada mkononi nalia, hakuuliza tena habari za rangi, aliniletea kiti.

Nimeirekodi bila kipimo chochote. Mchakacho wote umo. Kuna mtu anakohoa kabla ya sehemu ya pili na kuna kiti kinalia, nimeacha. Nimeweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, imo ndani ya bahasha hii, imeshonwa kwenye kitambaa ili isipotee. Ichomeke ubavuni mwa kidude. Namba zimekaa zilivyo: moja, mbili, tatu, nne. Mahali pa msanii nimeandika "Wao".

Nyingine tano zitafuata, na tano nyingine, mpaka zinaisha au anaisha mmoja wetu.

Kuhusu Desemba sitasema kitu. Nilianza kuandika ukurasa mzima wa lawama, kisha nikakumbuka namba nilizosawazisha, nikauchana.

Mimi siji. Najua nikitokea mlangoni utatazama kwanza kama gari lina nafasi ya kiti cha Baba. Na yeye sijui nitamtazama vipi. Msalimie, umwambie nimekosa.

Kaka yako

2 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na watoto. Shemeji yako hajambo. Hoteli imerudisha mapazia ya kijani, nami nimewaambia wayaninginize hivyo hivyo au waache. Baba yupo kama alivyo, na safari hii nakwambia kweli: mguu umevimba kidogo, anakula nusu sahani, anatukana redio.

Bahasha ilifika Alhamisi. Nilimwekea saa tisa alasiri, dirisha wazi. Nilikuwa nimekaa karibu na kitanda napinda pindo, sikuwa nimefikiria nakaa wapi. Sehemu ya kwanza ikapita, Baba anatazama mbele, uso umekaza kama yuko kazini. Ikaisha. Yule mtu wako akakohoa, kiti kikalia. Baba akauchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaulaza juu ya goti polepole, jinsi mtu anavyoweka vijiti. Kisha akageuza kichwa. Na upande wake wa kushoto nilikuwa nimekaa mimi.

Alinitazama dakika kumi na moja. Sindano ilibaki hewani. Kaka, sijawahi kutazamwa hivyo maishani, na mume ninaye na ananipenda. Nililia, yeye hakulia. Sehemu ya tatu ilipoanza akarudisha macho mbele, kwa mwongozaji.

Kila siku tangu hapo tunafanya vivyo hivyo, na kila siku kwenye ile sehemu ya pili namwona anautafuta uso wangu, anautafuta, kama mtu aliyefika nyumba sahihi akamkuta mpangaji mwingine. Mimi nimetoka Baba mtupu, pua na vyote. Sote tunajua nani kati yetu wawili alichukua uso wa Mama.

Njoo. Sitatazama gari. Sitaki uandike kwanza kwamba huji kumchukua. Santuri zingine zitangoja, mkutubi naye apumzike. Kiti nimekiweka upande wa kushoto na sikikalii tena.

Mdogo wako